Orijino, Feki, na ile ya Tatu

Mtu anayekwenda kununua spea ya gari Kariakoo huulizwa swali moja kabla ya bei: unataka orijino au ya kawaida? Sote tunajua kinachofuata. Orijino ni ghali na inadumu. Ile nyingine ni nafuu, na fundi wako atakuona tena baada ya miezi mitatu. Tumezoea kuigawa dunia hivyo, orijino upande huu na feki upande ule, na mgawanyo huo tumeuingiza hadi kanisani. Mimi nilianza kuutilia shaka katika mahali ambapo sikutarajia kabisa, yaani chini ya nyumba ya mzee mmoja wa kanisa huko Chicago, mbele ya mashine za mchezo.

Nilikaa Chicago miaka miwili nikisoma theolojia, na usharika mmoja wa Kilutheri ulinipokea kama mtoto wa nyumbani. Sikujua kwamba nimefika katika mji wa pinboli. Msomaji ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo afikirie meza ndefu iliyoinama kidogo kuelekea kwa mchezaji, imefunikwa kioo, na chini ya kioo kuna mpira wa chuma wenye uzito wa takriban gramu 80. Mchezaji hurusha mpira juu kwa springi. Mpira unashuka ukigonga nguzo, kengele na vilengwa, na kila kigongo ni pointi. Chini kabisa kuna vikono viwili vidogo vinavyoendeshwa kwa vitufe, na kazi ya mchezaji ni kuupiga mpira urudi juu kabla haujatumbukia katika tundu. Hatimaye hutumbukia. Hakuna aliyewahi kuushinda mteremko ule. Ustadi wote ni wa kuuchelewesha.

Vikono hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Vilikuja mwaka 1947 katika mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, ya kampuni ya Gottlieb ya hapo hapo Chicago. Kabla ya hapo mpira ulijiendea tu, na mashine ilikuwa ndugu wa kamari. Ndiyo maana mji wa New York uliipiga marufuku katika miaka ya 1940, na meya wake, Fiorello La Guardia, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1976, baada ya kijana aitwaye Roger Sharpe kucheza mbele ya wajumbe wa baraza la mji na kuwaonyesha kwamba anaweza kuupeleka mpira anakotaka. Nilipoambiwa habari hizo nilipata faraja kidogo. Nilikuwa nimeshuka ngazi zile nikiwa na mashaka ya kichungaji, na kumbe mashaka hayo yalikuwa na historia.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi umeme mstaafu. Nilimwita Mzee, na alipoelewa kwamba neno hilo kwetu ni heshima, alilipenda hata akawa anajitambulisha nalo kwa watu wengine. Chini ya nyumba alikuwa na mashine sita. Ya zamani zaidi ilikuwa ya enzi ambayo hakukuwa na kompyuta ndani. Ilihesabu pointi kwa magurudumu yenye tarakimu, na kila pointi iligonga kengele ya kweli ya chuma. Alipoinua ubao wake kunionyesha chini, niliona nyaya nyingi kama mizizi ya mti, na vibati vidogo vya kugusana ambavyo vikipata kutu mashine nzima husimama. Alikuwa akivisugua kimoja kimoja kwa tupa nyembamba. Jumamosi zangu nyingi nilizitumia kumshikia taa.

Iliyokuwa fahari yake ni Medieval Madness, iliyotengenezwa na kampuni ya Williams mwaka 1997. Katikati yake kuna ngome ndogo. Ukilenga vizuri daraja lake linashuka, na ukiendelea kuishambulia ngome inabomoka kwa kishindo, na watoto wa mtaa hupiga kelele. Zilitengenezwa elfu nne na ushee tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, Williams iliacha kabisa kazi ya pinboli. Waliokuwa nayo wakawa na kitu kisichopatikana tena, na bei ikapanda hadi ile ya gari dogo lililotumika.

Kisha, mwaka 2015, ikaanza kuuzwa upya. Kampuni iitwayo Chicago Gaming ilipata leseni, ikachukua michoro ile ile na sheria zile zile za mchezo, ikatengeneza Medieval Madness mpya. Ngome ni ile ile, na mpira unakimbia njia zile zile. Balbu zimekuwa taa za LED na bodi za elektroniki ni za kisasa. Baadaye walifanya hivyo hivyo kwa Attack from Mars na Monster Bash. Basi watu wa pinboli wakagawanyika. Wengine walishangilia kwamba sasa nao wataweza kuipata. Wengine, hasa wenye za asili, waliogopa kwamba bei za mashine zao zitashuka, ingawa walichosema mdomoni ni kwamba hizi hazina roho.

Mdogo wake Mzee alinunua mpya. Nilikaa mezani na ndugu hawa wawili wakati wa Shukrani, na nawahakikishia kwamba sijasikia ubishi mkali kama ule hata katika mkutano mkuu wa dayosisi. Mdogo alisema: yako imelala nusu mwaka kwa sababu betri zilivuja zikaila bodi, yangu inacheza kila siku. Mzee alijibu: yangu ilitoka katika mikono ya watu waliokuwa wakibuni, hawakuwa na mahali pa kunakili. Nilifikiri wote wawili wamesema kweli. Kilichonigusa zaidi ni neno ambalo hakuna aliyelitamka. Hata Mzee, katika hasira yake, hakusema ile mpya ni feki. Feki ni kitu kinachodai kuwa kile ambacho sicho. Mashine ile ilikuwa na idhini halali, ilifuata michoro ya kweli, na mwaka wake wa kutengenezwa haukufichwa. Haikuwa orijino na haikuwa feki. Kariakoo hatuna jina la kitu hicho.

Biblia inacho, nacho kimo mahali patakatifu kuliko pote. Mbao mbili za kwanza za amri zilikuwa kazi ya Mungu mwenyewe, jiwe na maandishi, ndivyo Kutoka 32 inavyosema. Musa alizivunja chini ya mlima. Katika sura ya 34 Mungu anamwagiza achonge mbao nyingine mfano wa zile za kwanza, naye ataandika juu yake maneno yale yale. Kwa hiyo jiwe la mara ya pili lilichongwa kwa mikono ya mwanadamu, pengine na alama za patasi yake zikionekana. Na Kumbukumbu la Torati 10 inatuambia ni mbao zipi zilizowekwa katika sanduku la agano: ni hizi za pili. Israeli yote ilivuka Yordani nyuma ya sanduku lenye mbao zilizofanyizwa upya, na hatusomi popote kwamba maji yalisita.

Nimehubiri juu ya mbao hizo mara kadhaa tangu niliporudi nyumbani, kwa sababu nilikuta usharika wetu katika ubishi wa wale ndugu wawili, ila hapa mezani hapakuwa na mashine. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na wako wazee wetu ambao kwao Ulutheri wa kweli ni ule ambao babu zao walifundishwa: tuni zile, liturujia ile, hata kasi ile ya kuimba. Gitaa likiingia ibadani wanainama kana kwamba kuna msiba. Upande mwingine wako vijana wanaotuhama kwenda kwenye huduma mpya za mjini, na ukiwauliza wanasema huko ndiko uliko moto wa asili, wa mitume wenyewe, na sisi tulichobaki nacho ni nakala ya nakala, kutoka Yerusalemu kupitia Ujerumani. Kwa nje makundi haya hayapatani. Mimi naona wanatafuta kitu kimoja. Wote wawili ni wakusanyaji, wanagombania tu mwaka wa mashine.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa kijana wa kipaimara, mpole, aliyelelewa na bibi yake. Alibaki baada ya darasa akaniambia, "Mchungaji, imani hii ni ya bibi. Mimi nimeibeba tu kama mzigo wake. Nitasimamaje mbele ya kanisa niseme naamini?" Hilo si swali la kejeli. Mtoto aliyeuliza hivyo ana heshima kubwa kwa neno "naamini" kuliko wengi tunaolitamka kila Jumapili.

Nilimfungulia 2 Timotheo 1, pale Paulo anapoitaja imani ya Timotheo na kusema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo hamwonei haya Timotheo kwa kuwa wa tatu katika mstari. Kisha nikamfungulia Kumbukumbu la Torati 5. Musa anasema na Waisraeli huko Moabu, ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo Horebu au hawakuwa wamezaliwa. Waliosimama chini ya mlima wakiwa watu wazima walikuwa wamekufa jangwani. Lakini Musa anawaambia kwamba Bwana hakulifanya agano lile na baba zao, amelifanya na wao, wao walio hai siku hiyo. Wataalamu wana maelezo yao juu ya namna ya kusema ya Kiebrania, nami niliyasoma yote kwa ajili ya mtihani. Ila kwa kijana yule nilisoma tu mstari jinsi ulivyo, mara mbili, nikanyamaza.

Sitaki mtu afikiri kwamba nadharau vitu vya asili. Napenda ile mashine ya kengele kuliko zote, na hakuna spika iliyotengenezwa leo inayonipa sauti ile. Vivyo hivyo napenda tuni za zamani, na huwa sina subira na kwaya inayoimba ikisindikizwa na kinanda kinachojipigia chenyewe. Lakini nyoka wa shaba alikuwa orijino pia. Alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, watu walimtazama wakapona, na bado Hezekia alimvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18). Na upya nao si kinga. Huko Marekani nilisikia kuhusu watu wanaonunua mashine mpya kabisa wakaiacha ndani ya boksi lake, haijafunguliwa, wakingoja bei ipande. Mashine ya mchezo ambayo hakuna mtoto aliyeicheza! Mzee na mdogo wake walipatana juu ya jambo hilo moja: kwamba watu hao hawana pinboli, wana maboksi.

Mwaka wangu wa pili mikono ya Mzee ilianza kutetemeka. Daktari alimpa jina la ugonjwa na dawa, lakini kulehemu waya mwembamba kulikuwa kumekwisha. Medieval Madness ikasimama tena, na safari hii hapakuwa na wa kuitengeneza. Aliniuliza kama nadhani aiuze. Nilimwuliza yeye anataka nini hasa, akafikiri kwa muda mrefu, akasema anataka wajukuu waendelee kushuka ngazi zile siku za Jumamosi. Aliiuza kwa fundi kijana wa Wisconsin, ambaye alikuja na gari na mablanketi na kuifunga kama mgonjwa. Kwa fedha zile alinunua mpya. Mdogo wake alikuja kusaidia kuibeba kushuka ngazi, na kwa kweli alijitahidi sana asitabasamu. Ile ya kengele Mzee aliibakiza, ikiharibika iharibike. Siku ile mpya ilipowashwa alicheza mpira wa kwanza, mikono ikitetemeka juu ya vitufe, ngome ikabomoka, na wajukuu wakapiga kelele ile ile. Sikumwuliza kama ina roho.

Kijana wa kipaimara alisimama mbele ya kanisa mwezi wa kumi na mbili akasema naamini, kwa sauti ndogo. Siku hizi asubuhi yuko kwetu, na jioni nyingine huenda kule kwenye huduma ya mjini. Wazee wawili wameniomba nimwite kwenye baraza. Sijamwita, na sidhani kama nitamwita. Bibi yake alikuwa amempa Katekisimu yake Ndogo, lakini mchwa walikula jalada na kurasa za mwisho, kwa hiyo aliniomba mpya nikampa. Wiki iliyopita aliniletea niione. Amehamishia ndani yake, kwa penseli, kila mstari na kila alama ambayo bibi aliweka katika ile ya zamani, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa na swali moja. Amri ya Nane, ya kumshuhudia jirani uongo, bibi ameipigia mistari mitatu, na hakuna nyingine iliyopigiwa hata miwili. Anataka kujua ni nani aliyekuwa amemsema bibi, au bibi alikuwa amemsema nani, na kama ni adabu kumwuliza.