Warsaw: Ukale Uliojengwa Upya

Mgeni aingiaye Warsaw, mji mkuu wa Poland, mwanzoni mwa mwezi Mei, huwakuta wenyeji wakiwa mapumzikoni. Tarehe 1 ni sikukuu ya wafanyakazi na tarehe 3 huadhimishwa Katiba ya mwaka 1791. Wengi huomba ruhusa kazini siku ya katikati ili wapate mapumziko marefu pamoja na jamaa zao. Siku tatu hizo zatosha kuuona mji, mradi msafiri awe na viatu vizuri na koti la jioni, kwani mawe ya barabara zake hayana huruma na baridi haijaondoka.

Wengi huanzia Mji Mkongwe, juu ya ukingo wa mto Wisła. Nyumba nyembamba za ghorofa, zenye rangi ya manjano, kijani na udongo mwekundu, zimebanana kuuzunguka uwanja wa soko. Katikati ya uwanja yupo nguva, nembo ya mji. Mkono mmoja umeinua upanga, wa pili umeshika ngao. Mtu asiyejua habari zake ataapa kwamba nyumba zile zimesimama hapo kwa miaka mia tatu. La hasha! Uwanja huo ulikamilika mwaka 1953.

Tarehe 1 Agosti 1944, saa kumi na moja jioni, wapiganaji wa siri wa Poland waliinuka dhidi ya jeshi la Ujerumani lililoukalia mji. Walipigana siku 63, wengi wao wakiwa vijana wenye silaha haba. Raia zaidi ya laki moja walipoteza maisha. Waliosalia walipokwisha kufukuzwa, vikosi maalumu vya Wajerumani vilipita mtaa kwa mtaa, vikichoma na kulipua nyumba tupu. Hadi Januari 1945, zaidi ya asilimia 80 ya mji ilikuwa kifusi.

Lilikuwapo shauri la kuhamishia makao makuu kwingineko. Badala yake, mwaka 1945 iliundwa ofisi ya kuujenga upya mji. Wasanifu walitumia michoro ya majengo iliyofichwa wakati wa vita, na picha za Bernardo Bellotto, Mwitalia aliyeuchora mji huo kwa ajili ya mfalme katika karne ya 18. Bellotto alikuwa msanii, si mpimaji, na pengine aliirembesha nyumba kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana yapo mapambo yaliyoigwa kutoka kwenye picha badala ya jengo lenyewe. Matofali mengine yaliokotwa katika kifusi, mengine yakaletwa kutoka miji kama Wrocław. Wapo wasemao kwamba mji wa namna hiyo ni wa kuigiza. Hoja hiyo ni nyepesi. Watu huishi ndani ya nyumba hizo, hufua na kuanika nguo, na mwaka 1980 shirika la UNESCO liliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, likiiheshimu kazi yenyewe ya kuujenga upya.

Kasri la Mfalme lilichelewa zaidi. Liliamuliwa kujengwa mwaka 1971, kwa michango ya wananchi, likafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1984. Picha za Bellotto zimetundikwa humo. Nje ya kasri imelala mihimili ya zamani ya mnara wa Mfalme Zygmunt wa Tatu, na watoto hupenda kuikalia.

Kwa tramu au kwa miguu, msafiri hufika penye Kaburi la Askari Asiyejulikana. Limehifadhiwa chini ya matao machache, nayo ndiyo yaliyobaki ya jumba kubwa lililolipuliwa Desemba 1944. Walinzi wa heshima hubadilishana kila saa, usiku na mchana. Jumapili saa sita mchana huwapo gwaride kubwa zaidi. Aliyewahi kusimama lindo atajua uzito wa kutulia vile katika upepo wa Wisła.

Chakula kisisumbue mfuko. Ipo migahawa ya bei nafuu iitwayo “bar mleczny”, ambako sahani ya pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani yake, humshibisha mtu mzima.

Mtaa wa Muranów hauna rangi za Mji Mkongwe, na wageni wengi huupita. Hapo Wajerumani waliwafungia Wayahudi zaidi ya laki nne nyuma ya ukuta kuanzia Novemba 1940, na hapo ndipo waliobaki walipoinua silaha tarehe 19 Aprili 1943. Mtaa ule haukurudishwa kama ulivyokuwa, maana wenyewe walikuwa wameuawa. Kifusi kilikuwa kingi mno kuondolewa, hivyo nyumba mpya zilijengwa juu yake. Hata leo, mtu atokaye barabarani kwenda mlangoni pa baadhi ya nyumba hizo hana budi kupanda ngazi.