Kocha si Mchezaji Aliyeisha

Wasee wangu, kuna kitu nimekuwa nikikwepa kusema. Wacha leo niseme.

Mwezi jana mama anayesimamia ukumbi wa vijana mtaani kwetu aliniuliza kama naweza kufunza watoto 12 kupiga na kuhariri video kwa simu, kila Jumamosi. Nikamwambia, "Mama, nina kazi mingi sana." Uongo mtupu. Kazi gani? Video yangu ya mwisho ilikuwa imetazamwa mara 214, na nadhani nusu yao ni binamu zangu.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliacha chuo mwaka wa pili nikamwahidi mathe kwamba kontenti itanilisha. Sasa nikianza kufunza wengine, si ni kama nakubali mchezo wangu umeisha? Mnajua vile sisi hucheka mchezaji wa zamani akisimama kando ya uwanja na filimbi. Tunasema huyo goti lilimkataa, sasa amebaki kupiga kelele.

Halafu usiku mmoja usingizi ukanihepa, nikajipata natazama besiboli. Ndiyo, besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kofia na rungu. Hapo ndipo nikakutana na Kirk Saarloos.

Huyu alikuwa mrushaji, yule msee anayesimama katikati na kumtupia mpigaji mpira kutoka mita 18 hivi. Alicheza ligi kuu ya Marekani kati ya 2002 na 2008: Houston, Oakland, Cincinnati. Tarehe 11 Juni 2003 alikuwa mmoja wa warushaji sita wa Houston Astros waliopokezana mpira dhidi ya Yankees, hukohuko kwao New York. Mrushaji wao wa kwanza aliumia mapema, wengine wakaingia mmoja mmoja, na mpaka mwisho Yankees hawakupata hata hiti moja. Jambo hilo halikuwa limewapata Yankees tangu 1958. Saarloos alikuwa wa tatu kwenye hiyo foleni.

Lakini hakuwa staa. Mkono wake haukuwa na ile kasi ya kutisha. Alitegemea mpira unaozama dakika ya mwisho, mpigaji anaugonga juu juu, unabingirika chini, wenzake wanauokota. Mwaka 2005 alishinda mechi 10 hivyo hivyo, kwa akili. Baada ya 2008 hakurudi ligi kuu tena. World Series, ile fainali kubwa, hakuwahi kuicheza.

Sasa sikizeni. Akaenda Fort Worth, Texas, kwa chuo kinachoitwa TCU, akawa kocha wa warushaji. Kuanzia 2014 hadi 2017 hicho chuo kilifika fainali za vyuo pale Omaha miaka minne mfululizo. Mmoja wa vijana wake, Brandon Finnegan, Juni 2014 alirusha Omaha akiwa mwanafunzi, na Oktoba hiyohiyo akarusha World Series na Kansas City Royals. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya zote mbili mwaka mmoja kabla yake. Mwaka 2021 Saarloos akapewa timu nzima, na 2023 akairudisha Omaha akiwa kocha mkuu.

Nilikaa na hiyo kitu mpaka alfajiri. Nikafikiria hivi: mtu aliyezaliwa na mkono wa moto, ukimuuliza anarusha aje, atakwambia "narusha tu." Mwenye mkono wa kawaida hana hiyo raha. Lazima ajue kidole kinakaa wapi kwa mshono wa mpira, mguu unatua wapi, mpigaji anangoja nini. Upungufu wake ndio ulimlazimisha kuelewa. Na kilichoeleweka kinaweza kupewa mtu mwingine.

Jumatatu nikampigia yule mama. "Mama, bado unanihitaji?" Akacheka, akasema watoto walikuwa wanangoja tu nimalize hiyo kazi yangu mingi.

Jumamosi ya kwanza binti mmoja wa Kidato cha Tatu akanionyesha video ya nyanyake akikaanga mandazi. Picha safi, lakini hakuna mtu angeitazama zaidi ya sekunde tano. Nilijua shida papo hapo: sauti. Upepo na redio ya jirani vilikuwa vimemmeza shosh. Najua sauti kwa sababu simu yangu ya kwanza ilikuwa na kamera mbovu, sauti ndiyo kitu pekee ningeweza kutengeneza. Nikamwambia afunge dirisha, aweke simu nyingine karibu na sufuria, arekodi tena. Mafuta yakachachatika, shosh akasikika, darasa zima likanyamaza.

Sitawadanganya. Bado nataka video zangu zipae. Mathe bado ananiuliza kuhusu chuo, na bado sina jibu la kumtosha. Siku ya kwanza nikiandika kwenye ubao, roho iliniuma kidogo.

Lakini binti ameniambia atapandisha hiyo video wiki hii. Ikipita zangu zote, nitanuna kama dakika mbili. Halafu nitaisambaza.