Bonane ya Kolwezi

Tuliondoka Lubumbashi kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Basi lilijaa watu wanaokwenda kwa wazazi, na magunia ya unga, kuku chini ya viti, nguo mpya za watoto. Kwenye daraja la Lufira mzee aliyekaa kando yangu alinigusa mkono. "Hapa ndipo Wahindi walipovuka, mwanangu."

Tarehe 24 Desemba 1962, mkesha wa Noeli, majandarme, askari wa jimbo la Katanga lililokuwa limejitenga na Kongo, waliwafyatulia risasi askari wa Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Tarehe 28 mapigano makubwa yakaanza. Tarehe 3 Januari kikosi cha Wahindi wa Umoja wa Mataifa kilikuwa kimeshavuka Lufira na kuingia Jadotville, yaani Likasi. Majandarme wakarudi nyuma kuelekea Kolwezi.

"Baba alikuwa mmoja wao," mzee akasema. "Mama alimpikia bukari na kuku wa Bonane. Hakuja."

Basi lilipita Likasi, kisha Fungurume, malori ya madini yakitubana kila kona. Huko Kolwezi ndiko Tshombe, kiongozi wa Katanga, alikokubali, katikati ya Januari 1963, kuacha utengano alioutangaza tarehe 11 Julai 1960. Tarehe 21 Umoja wa Mataifa ukaingia mjini. Maelfu ya majandarme walikuwa wakielekea Angola.

Hapo ndipo habari hii huniuma. Tangu 1961 Wareno walikuwa wakipigana na Waangola waliodai uhuru wao. Wareno wakawapokea Wakatanga hawa, baadaye wakawapa bunduki na kuwatuma msituni dhidi ya wapigania uhuru. Vijana walioapa kuifia Katanga huru wakawa walinzi wa ukoloni kwa jirani, Noeli baada ya Noeli, mbali na mama zao. Siwezi kuwasifu kwa hilo. Lakini nani aliwaachia njia ya kurudi? Waliojaribu wakati wa utawala wa Mobutu nchini Kongo wengi waliuawa.

Tulipokaribia mto Lualaba nilimuuliza mzee kama baba yake aliwahi kurudi.

"Mei 1978, pamoja na wale waasi wa Kikatanga walioingia Kolwezi tarehe 13. Alikuja nyumbani usiku, mama akapasha moto chakula, akala amesimama, bunduki begani. Tarehe 19 Wafaransa wakashuka kwa miavuli, naye akaondoka tena."

"Na Bonane hii, baba, mtakula wapi?"

"Nyumba ileile. Wajukuu wote wanakuja."