Fahali Wawili Katika Zizi la Malaria

Sisi tufundishao Kiswahili nchini Uganda huulizwa mara kwa mara kama lugha hii yaweza kubeba hesabu za sayansi. Yaweza, na pengine methali moja yatosha kutufungulia mlango: fahali wawili hawakai zizi moja.

Chukueni aina mbili za ugonjwa mmoja, zinazogombea watu wale wale. Mgonjwa wa aina ya kwanza huambukiza watu 2. Wa aina ya pili, kwa wastani, mtu 1 na nusu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini baada ya vizazi 10 vya maambukizo, mgonjwa mmoja wa kwanza amezaa wagonjwa wapya 1,024, na yule wa pili hawafiki 58. Watu wasio na kinga wanapopungua, aina iliyo dhaifu hukosa pa kwenda, ikatoweka.

Ila methali haisemi ni fahali yupi atakayebaki. Hilo huamuliwa na hali ya zizi lenyewe, na hapa ndipo mkono wa mwanadamu unapoingia. Klorokwini ilipotumiwa kila mahali, vimelea vya malaria vilivyo sugu vilishinda, kwa kuwa wenzao waliuawa na dawa. Lakini usugu ni ngao nzito: vitani humwokoa mwenye nayo, mbioni humchelewesha. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993. Huko Blantyre vimelea vyenye alama ya usugu vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992; kufikia mwaka 2000 vilibaki asilimia 13. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2006, dawa ile ile iliyoachwa iliwaponya watoto 79 kati ya 80.

Hatudai kwamba hesabu ya zizi yamaliza yote. Mwili mmoja waweza kubeba vimelea vya aina zote mbili kwa pamoja, hivyo wanahisabati hawana budi kuongeza masharti mengine. Hata hivyo kiini hakibadiliki: tofauti ndogo, ikirudiwarudiwa, huamua mshindi.

Jambo hili latuhusu sana. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kaskazini mwa Uganda vimeonekana vimelea vyenye usugu kwa artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa tunazozitegemea. Kipimo pungufu cha dawa huua vimelea vinyonge na kuviachia nafasi vile vilivyo sugu.

Basi, walimu wenzetu, tunapolifundisha neno hili tulirudishe kwenye asili yake. Sugu ni ile ngozi ya kiganja iliyofanywa ngumu na mpini wa jembe kwa kusuguliwa kila siku. Mwanafunzi akilielewa hivyo, ataelewa pia kwa nini dawa hazipaswi kuchezewa, naye atakwenda kuyaeleza hayo nyumbani kwa lugha ambayo jirani yake wa kabila jingine ataisikia.