Kasha la Keko

Kwenye kifuniko cha kasha kuna maandishi ya rangi, mstari chini ya mstari. Wa kwanza unasema DSM–MWANZA 1987. Wa pili, MWANZA–MTWARA 1999. Wa tatu, MTWARA–DSM 2006, umefutika nusu. Wa nne ni wa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa binti: DODOMA 2017. Mbao zake ni mninga, kazi ya fundi wa Keko, na likijaa linataka wanaume wanne.

Mwenye kasha alikuwa bwana shamba. Barua ya uhamisho wa kwenda Mwanza ilimkuta Dar es Salaam akiwa na mke, watoto watatu na Peugeot 504 iliyokwishapita mikono miwili kabla yake. Usiku ule yeye na mkewe walikaa na taa mpaka mafuta yakaisha. Vyombo vingesafirije, na gari je?

Kwenye ramani, barabara ya kati ilionekana fupi. Lakini ukishaiacha Dodoma kuelekea Singida na Nzega ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Ndiyo maana wenye magari wengi, na hata mabasi kwa miaka mingi baadaye, walikwenda Mwanza kwa kupitia nchi ya pili: Arusha, Namanga, Nairobi, kisha Sirari na Musoma. Mpaka wa Kenya na Tanzania uliofungwa mwaka 1977 ulikuwa umefunguliwa tena mwaka 1983, hivyo njia ilikuwepo. Ila ilitaka hati za kusafiria za familia nzima, karatasi za gari na fedha za Kenya za kununulia petroli. Bwana shamba hakuwa nazo.

Ikabaki reli. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa mtumishi mwenye mzigo mkubwa hapakuwa na kitu kingine cha kulinganisha nayo.

Kufunga mizigo kulichukua wiki nzima, na hapo ndipo mkewe alipoonyesha ujuzi. Alituma watu mashineni wakaleta magunia mawili ya pumba za mpunga. Akatandika pumba chini ya kasha, akapanga bilauri zikiwa zimeinamishwa, akamwaga pumba tena mpaka zikajaa ndani ya kila bilauri, kisha safu nyingine, na nyingine. Alipomaliza alilitikisa kasha na kutega sikio. Halikulia. Mwanza hakukuvunjika hata bilauri moja.

Peugeot ilipakiwa juu ya behewa la wazi. Bwana shamba aliitoa betri, akang'oa vifagio vya kioo na vioo vya pembeni, akavifunga kwenye kanga na kuvitia kwenye begi la mkononi. Petroli ikanyonywa kwa mpira mpaka likabaki tone. Magurudumu yakagongewa kabari za mbao, gari likafungwa kwa waya mbele na nyuma. Alipewa stakabadhi, akaikunja mara nne na kuiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Familia ikapanda treni ya abiria daraja la pili.

Kule Tabora mabehewa ya Mwanza hutenganishwa na ya Kigoma. Treni iliposimama usiku, bwana shamba alishuka na tochi, akatembea kando ya njia za reli akimulika behewa moja baada ya jingine, ingawa alijua fika kwamba mzigo wake unakuja na treni ya mizigo siku nyingine. Mkewe alimwita kupitia dirishani: "Baba Asha, rudi, utaachwa!" Akarudi. "Mzigo hauna mdomo," alimjibu. "Ukipotea hauiti mtu." Kasha na gari vilifika baada ya wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo walilala kwenye mikeka ya kuazima.

Uhamisho wa pili ndio uliomfunza kuhesabu. Mwaka 1999, kutoka Mwanza kwenda Mtwara, ulikuwa kama kuivuka nchi kwa mshazari. Vyombo vikarudi Dar kwa reli, na kutoka Dar kwenda kusini kulikuwa na njia mbili tu zenye maana. Kwa barabara ungefika Ndundu na kusubiri kivuko cha Mto Rufiji. Masika mto ukifurika, magari yalikaa ng'ambo hii siku nyingi na barabara yenyewe ikawa haipitiki. Kwa meli, Mtwara ilikuwa safari ya siku moja na ushee. Alichagua meli, na safari hii hakuacha mzigo uende peke yake: alilala juu ya kasha, shuka kichwani, upepo wa bahari ukimpiga.

Gari hakulichukua. Aliliuza Mwanza kwa mvuvi wa sangara. Gharama ya kulisafirisha kwa reli na kisha kulipakia melini ilikuwa inakaribia thamani ya gari lenyewe, na vipuri vya Peugeot huko Mtwara angevipata wapi? Uamuzi ule ulimuuma, lakini ulikuwa sahihi kuliko yote aliyofanya. Wengi huhamisha gari kwa sababu ni lao, bila kuuliza kama litastahimili njia.

Alipostaafu mwaka 2006, Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilikuwa limeshatimiza miaka mitatu juu ya Rufiji. Fuso moja ilibeba kila kitu mpaka Dar. Vipande vya barabara vilikuwa bado vibovu, lakini hakuna aliyelala kivukoni.

Kisha ikawa zamu ya binti yake. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wizara yake ilikuwa miongoni mwa zilizoanza kufungasha. Yeye hakwenda stesheni wala bandarini, alikwenda Tandale. Malori yanayoleta mahindi sokoni pale kutoka bara hurudi matupu, na mwenye lori la kurudi hutoza kidogo kuliko yule wa kukodiwa kwenda tu. Akapatana na dalali: lori zima ni lake. Alfajiri alikuta wameshapakia magodoro ya mtu mwingine na kreti za soda. Alikataa kutoa salio mpaka vitu vile viliposhushwa.

Mzee, yule bwana shamba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, alisema neno moja tu: "Nani anakwenda na mzigo?" Mpwa wa mzee akapanda mbele, kati ya dereva na utingo. Picha zikaanza kuingia kwenye simu: Kibaha, Chalinze, turubai limefungwa upya Gairo. Jioni, kasha likiwa uani Dodoma, na vumbi la mahindi juu yake.

Toyota IST yake binti aliiendesha mwenyewe. Alishauriwa kumpa dereva, mmoja wa wale wanaozoea kupeleka magari ya IT, yale yanayopita tu nchini, mpakani, lakini akaona afadhali aende mchana, taratibu, kilomita 50 kwa saa kwenye kila kijiji chenye kibao, maana trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawakosekani njia hiyo.

Julai 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma, na mzee akaipanda kwenda kumwona binti na wajukuu. Chini ya saa nne alikuwa ameshafika, na begi moja. Kasha lilikuwa sebuleni, limejaa mablanketi. Binti akamwambia anafikiria kuliuza, nyumba imebana. Mzee hakubisha. Alifungua kifuniko, akapitisha kidole kwenye pembe ya ndani ambako mbao zimeachana kidogo, akatoa maganda mawili ya mpunga na kumwekea kiganjani. "Haya ni ya mama yako."

Kasha bado liko pale sebuleni, na mjukuu mdogo hulala juu yake mchana.