Safari ya Kwanza Kwenda Kotile: Nasaha kwa Familia za Pwani



Familia nyingi za pwani zina mtu wao ng'ambo ya mto Tana. Yuko binti aliyeolewa huko, yuko kijana aliyepelekwa kusomesha shule, wako jamaa wa upande wa babu waliohamia zamani wakifuata biashara ya mifugo. Hata hivyo wengi wetu huwajua jamaa hao kwa sauti ya simu tu. Ufikapo mwaliko wa harusi, au habari ya msiba, kikao cha nyumbani huishia kwa maneno yale yale: ni mbali, ni hatari, tutatuma mchango. Mchango ni jambo jema, lakini hauwezi kumshika mfiwa mkono. Kuunga udugu ni amri ya dini yetu, na udugu usiotembelewa hupoa.

Kwa sababu hiyo tumeona tuwaandikie wale wanaokusudia kwenda Kotile kwa mara ya kwanza. Kotile ni kijiji kilicho upande wa mashariki wa mto Tana, kusini mwa Kaunti ya Garissa, katika eneo la Ijara na Masalani. Wenyeji wengi ni Wasomali wafugaji, na majirani zao ni Wapokomo walimao kandokando ya mto na Waorma wachungao ng'ombe. Hofu ya wengi wetu ni usalama, nayo tutaisemea. Lakini jambo lililokatisha safari nyingi, na lililokwisha kuchukua roho za wasafiri, ni maji ya Tana. Hali ya mto huo haijulikani na aliyeko Mombasa wala Malindi. Anaijua aliye ukingoni. Ndiyo maana karibu kila nasaha iliyomo humu inarejea kwenye jambo moja: muulize mwenyeji wako kabla hujafunga mzigo, kisha mtii.

Kuchagua majira

Sisi huhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, masika na vuli. Wenyeji wa Kotile huuhesabu kwa Gu, yaani mvua za Aprili hadi Juni. Hagaa, majira makavu yenye upepo yanayofuata. Deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Na Jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi. Ni vyema mgeni ayajue majina haya, kwani mwenyeji akisema kwenye simu, "Njooni Hagaa," amekwisha kukupa shauri kamili.

Hagaa, hasa miezi ya Julai, Agosti na Septemba, ndiyo wakati mwepesi kwa familia yenye watoto. Barabara huwa kavu na malisho bado yapo. Jilaal pia barabara hupitika, lakini jua huwa kali na maziwa huadimika; mgeni anayefika wakati huo na afike na chakula chake, asije akawa mzigo kwa watu wanaohangaikia mifugo yao.

Gu na Deyr ndiyo miezi ya tahadhari. Barabara za ndani ni za udongo, na udongo ule mweusi ukilowa hunasa gari hadi ekseli. Zaidi ya hayo, mto Tana hufurika hata pale ambapo Kotile haijanyesha tone. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa hayo yakijaa maji huteremka kuja huku chini, yakafika baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo usiangalie mbingu ya Kotile pekee. Sikiliza redio: ukisikia tangazo kwamba Masinga limejaa na linamwaga, ahirisha safari, hata kama jua linawaka.

Njia na kivuko

Kutoka Mombasa, njia ni moja hadi Malindi na Garsen. Pale Garsen barabara hugawanyika: moja huelekea Witu na Lamu, nyingine hupanda na mto kwenda Hola, Bura na Garissa. Barabara hii ya pili hupita magharibi mwa mto, nako Kotile ni mashariki. Hivyo lazima mahali fulani msafiri avuke. Wako wanaovuka katika sehemu za chini, karibu na mwisho wa safari. Wako wanaopanda hadi mji wa Garissa, wakapita juu ya daraja linalouunganisha mji huo na Madogo, kisha wakashuka tena kusini kwa barabara ya ukingo wa mashariki. Njia ya Garissa ni ndefu sana, lakini mto ukiwa umejaa ndiyo inayopaswa kufikiriwa kwanza. Njia ya kupitia misitu ya Boni upande wa Lamu si ya mgeni kabisa. Vyombo vya usalama vimekuwa na operesheni huko tangu mwaka 2015.

Hata njia ya Garissa si dhamana. Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yaliikata barabara upande wa Madogo, na wasafiri wakawa wanavushwa kwa boti palipokuwa barabara. Tarehe 28 ya mwezi huo boti iliyojaa abiria ilizama pale Kona Punda. Wengi waliokolewa, wengine walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Wote walikuwa watu wenye haraka za kawaida kama zetu: kuwahi nyumbani, kuwahi kazi.

Basi tunasisitiza haya kwa kila mama na baba. Msivuke usiku. Msipande chombo kilichojaa, hata nahodha akiapa kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Mama aliyebeba mtoto asimfunge mgongoni kwa kanga anapokuwa ndani ya mtumbwi. Amshike mbele, ili chombo kikipinduka aweze kumwinua. Vilevile buibui refu lisizungushwe miguuni wala kufungwa fundo. Msiwaache watoto wachezee ukingoni wala kuteka maji peke yao, kwani Tana una mamba na viboko, na wa kwetu waliozoea bahari hudhani maji yaliyotulia ni maji salama. Mkiambiwa msubiri upande wa magharibi siku mbili, subirini siku mbili. Harusi ikikupita utaomba radhi, na utasamehewa.

Vitambulisho na usalama

Njiani kuna vizuizi vingi vya polisi, na kila mtu mzima huulizwa kitambulisho. Usitegemee nakala wala picha iliyo kwenye simu. Watoto wachukuliwe na vyeti vyao vya kuzaliwa, hasa wanaosafiri na shangazi au bibi. Dada anayevaa nikabu anaweza kuomba kwa upole akaguliwe na askari wa kike. Safirini mchana tu. Siku moja kabla ya kuondoka, mwenyeji aulizwe hali ya njia nzima, na akisema msije, neno hilo lisibishaniwe. Msipige picha daraja, kizuizi, kambi wala askari.

Ibada safarini

Ndugu zetu wa Kotile ni Mashafii kama sisi, kwa hiyo msikitini hutajiona mgeni. Safari hii inazidi mno masafa ya kupunguza swala. Ukishatoka mjini kwako, waweza kuswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na waweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, timiza kama yeye. Na ukinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, utaswali swala kamili tangu ufikapo. Penye shaka, mwalimu wako wa mtaani aulizwe kabla ya safari.

Beba dumu la maji ya udhu ndani ya gari, na ujue namna ya kutayamamu yakikosekana. Dada zetu wasafiri na maharimu wao. Mbali na hukumu yake, mlango wa mwenyeji hufunguka kwa wepesi zaidi kwa familia inayojulikana nani mkubwa wake.

Nyumbani kwa mwenyeji

Salamu huko haina haraka. Baada ya "Assalaamu alaykum" utaulizwa hali yako, ya wazazi, ya njia, ya mvua mlikotoka. Nawe uliza hivyo hivyo, wala usikimbilie shida iliyokuleta. Uliza kama mifugo ina afya, lakini usiulize idadi yake. Hilo ni sawa na kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Wala usiulize koo za watu siku ya kwanza. Mama mtu mzima mwite habaryar ikiwa ni upande wa mama, au eeddo upande wa baba. Mzee wa kiume mwite abti au adeer kwa mpango huo huo. Mwenye rika lako ni walaal. Maneno haya machache hufungua nyuso kuliko zawadi.

Hata hivyo usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, tende na mchele hupokewa kwa furaha kila nyumba. Kwa akina mama, udi wa pwani una heshima yake, maana nao wanafukiza uunsi katika chetezo chao kila jioni. Halua ya Lamu au ya Mombasa wapewe wazee.

Bado mtaona nyumba za asili za wafugaji, ziitwazo aqal, zilizoezekwa kwa mikeka juu ya fito zilizopindwa. Nyumba hiyo hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayesuka mikeka, anayesimamisha fito, na mji unapohama ndiye anayeifungua na kuipakia juu ya ngamia. Mabinti zetu wanaojifunza kusuka ukili wakae na mama hao nusu siku; watatoka na elimu isiyopatikana kitabuni.

Kwa mavazi, mtandio mfupi hautoshi. Wanawake wa huko hujifunika kwa hijabu pana mpaka magotini. Chagueni pamba nyepesi, kwani joto la mchana huzidi la pwani na hakuna upepo wa bahari.

Kuhusu muda wa kukaa, hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, imetaja ugeni wa siku tatu, na wahenga wetu wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akina dada washike ufagio na sufuria mapema.

Maziwa, nyama na afya

Jambo la kwanza mtakalopewa ni shaah, chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Kisha huja anjera, nyama ya mbuzi, na penye bahati nyirinyiri, yaani nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Maziwa ya ngamia hutolewa katika chombo kilichosukwa na kufukizwa kwa moshi wa mti. Ladha ile ya moshi ni ya makusudi, si uchafu.

Hapa tuseme wazi. Maziwa mabichi hubeba maradhi, na baada ya mafuriko hatari huzidi. Mwaka 2006, kufuatia mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, Ijara ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa, na hadi ilipokwisha mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Maradhi hayo hutoka kwa mifugo na kwa mbu. Kwa hiyo watoto na wajawazito wasinywe maziwa yasiyochemshwa, wala asishike mtu mnyama aliyekufa au aliyeharibu mimba. Kukataa hakuhitaji kumvunja mwenyeji moyo: omba shaah nyingine, maziwa yake yamekwisha kuchemka. Chukueni vyandarua, dawa mnazotumia kila siku, dawa ya kusafishia maji na kurunzi. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge.

Hirola, amana ya wenyeji

Watoto watataka kuona wanyama. Kotile ni mojawapo ya jamii zilizoanzisha hifadhi ya Ishaqbini kwa ajili ya hirola, swala wa rangi ya mchanga asiyepatikana kwa asili ila katika ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Somalia. Waliobaki duniani hukadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamisha baadhi yao kwenda Tsavo, watu wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga wanyama wao kuchukuliwa. Mwaka 2012 sehemu ya Ishaqbini ilizungushiwa ua, wakaingizwa hirola 48, na kwa miaka michache idadi ikaongezeka maradufu. Anayetaka kuwaona aombe ruhusa kwa walinzi wa hifadhi kupitia mwenyeji wake, wala asiingie porini na gari lake.

Wasomeeni watoto kisa hiki kabla ya safari. Watajua kwamba wanakwenda kwa watu wenye kulinda amana, nao watakaa kwa adabu.

Mkirejea salama, pigeni simu siku hiyo hiyo, kisha muwaalike nao waje pwani. Huko nako yuko mama anayeambiwa kuwa Mombasa ni mbali na bahari ni hatari. Mwenyezi Mungu awajaalie kwenda kwa heri na kurudi kwa heri, na aziunganishe nyoyo zetu pande zote mbili za mto. Amin.