Kufuga si Kufunga: Ndege, Ngeli na Mwanafunzi Mwoga

Kanuni isemayo kwamba nomino za viumbe hai, wawe watu, wanyama, ndege au wadudu, hupatanishwa katika ngeli ya A-WA bila kujali umbo la nomino yenyewe, ni kanuni fupi kuandika lakini ni ndefu kutenda. Mwanachuo huikariri kwa dakika tano, kisha huhitaji miaka kadhaa kabla ulimi wake haujaikubali. Nimeifundisha kanuni hii kwa muda mrefu hapa Kampala, na nakiri kwamba mifano iliyonisaidia zaidi kuieleza haikutoka vitabuni. Ilitoka katika tundu la ndege lililo barazani kwangu.

Ndege ninaowafuga ni wale kasuku wadogo ambao Waingereza huwaita kwa jina ambalo ulimi wa Kiswahili hulitamka baji. Kwa ufupi, nami nitawaita baji. Jina lao la kisayansi ni Melopsittacus undulatus, na sehemu ya pili ya jina hilo hurejelea mistari myeusi iliyo kama mawimbi kichwani na mgongoni mwao. Asili yao ni nyika kavu za katikati ya Australia, ambako huruka kwa makundi makubwa wakifuata mvua na mbegu za majani. Mwaka 1840, mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na tangu hapo wamezaliana mikononi mwa watu karibu kila pembe ya dunia. Porini baji ni wa kijani na manjano tu. Hao wa buluu, wa manjano matupu na weupe walipatikana kwa ufugaji.

Inafaa kutofautisha hapa. Baji si kasuku wa kijivu wa misitu ya Uganda na Kongo. Huyo wa kijivu ni ndege wa porini, na tangu mwaka 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Ukiletewa mmoja kwenye kikapu njiani, usimnunue, hata kama anazungumza lugha tatu. Baji ni wa namna nyingine: amezaliwa tunduni, kama walivyozaliwa wazazi wake na babu zake.

Niliachiwa jozi ya kwanza na mwenzangu aliyehamishiwa mji mwingine. Dume alikuwa wa kijani, nikamwita Zumaridi. Jike alikuwa wa buluu, nikamwita Samawati. Kwa kawaida dume na jike hutambulikana kwa rangi ya ile ngozi iliyo juu ya mdomo, penye pua. Dume mzima huwa na ngozi ya buluu. Ya jike huwa nyeupe-nyeupe au kahawia, na kahawia hiyo hukolea awapo tayari kutaga. Chakula chao hakina gharama: mtama, uwele, ulezi, majani mabichi yaliyooshwa vizuri, na maji safi kila siku. Parachichi, ambalo kwetu halikosekani mezani, ni sumu kwao. Moshi nao huwadhuru upesi, kwa hiyo tundu halifai kukaa karibu na sigiri. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniuliza kama neno ulezi lenye maana ya nafaka na ulezi wenye maana ya malezi ni neno moja. Nilimjibu kwamba ni maneno mawili yenye umbo moja na ngeli moja, ila mfugaji wa ndege ana ruhusa ya kuyachanganya, kwa kuwa humpa ndege wake yote mawili kwa mkono uleule.

Jozi yangu ilipotimiza umri wa zaidi ya mwaka, niliwafungia kisanduku cha mbao chenye tundu dogo la kuingilia. Baji hahitaji majani wala nyuzi za kujengea kiota. Hutosheka na sakafu ya mbao iliyochongwa shimo la kina kifupi. Samawati alitaga mayai matano, moja kila baada ya siku moja, akaanza kuyaatamia alipotaga la kwanza. Jike ndiye anayeatamia. Dume kazi yake ni kumletea chakula na kumlisha mdomo kwa mdomo. Yai la baji huanguliwa baada ya siku 18 hivi. Kwa kuwa hayakutagwa siku moja, hayakuanguliwa siku moja pia: kati ya kinda wa kwanza na kinda wa mwisho zilipita siku nane. Yai moja halikuwa na kitu.

Sasa tazama sarufi. Siku ya 17 nilisema, “Yai hili halijapasuka.” Kesho yake nilisema, “Kinda huyu ametoka.” Kilichokuwa ndani ya ganda kilipatanishwa katika ngeli ya LI-YA, kilipotoka na kulia, kikahamia ngeli ya A-WA. Umbo la neno halikusaidia kitu, maana kinda na makinda yana umbo lilelile la jicho na macho, yai na mayai. Hata hivyo hatusemi *makinda yamelishwa. Husema makinda wamelishwa. Kiswahili huangalia uhai kwanza, umbo baadaye. Ndiyo sababu ndege huyu huruka kwa mabawa yake, nayo ndege hii huruka Entebbe kwa mafuta. Neno ni moja. Kinachoamua kiambishi ni kama kirukacho kina uhai au hakina.

Mtoto wa jirani, mvulana wa miaka tisa, alikuwa akija kila jioni kuwatazama makinda. Alimchagua yule wa mwisho kuwa wake, nami nikamkubalia. Kinda huyo alikuwa mdogo kuliko kaka na dada zake, na katika kiota cha baji tofauti ya siku nane ni tofauti kubwa: wakubwa hunyoosha shingo, mdogo hufunikwa. Aliishi wiki mbili, manyoya ya buluu yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza. Usiku mmoja wa mvua na baridi alikufa. Asubuhi mvulana alimkuta kabla yangu. Alikuja mlangoni na kinda kiganjani, akasema kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza shuleni muhula ule:

“Mwalimu, ndege yangu imekufa.”

Mwanachuo, tua hapo kidogo. Katika karatasi ya mtihani sentensi hiyo ina makosa mawili ya upatanisho. Lakini sikiliza sentensi iliyo nyuma yake. Kwa Kiganda mvulana yule angesema, “Ennyonyi yange efudde.” Katika lugha hiyo jina la ndege hubaki katika ngeli yake, na kimilikishi pamoja na kitenzi huifuata ngeli hiyo, ndege awe hai au amekufa. Mnyarwanda naye angesema, “Inyoni yanjye yapfuye,” na Mrundi angesema maneno yanayokaribiana sana na hayo. Lugha hizi tatu, zote ndugu za Kiswahili, hazimtengi mnyama na ngeli ya jina lake kama Kiswahili kifanyavyo. Kwa hiyo mvulana hakuropoka. Alifuata kanuni kamili, isipokuwa ilikuwa kanuni ya lugha ya mama yake. Ni kama wale makinda wa buluu waliotoka kwa baba wa kijani: rangi ile ilikuwemo katika damu ya Zumaridi muda wote, haionekani, ikisubiri kukutana na mwenzake.

Nilimjibu hivi: “Pole sana, mwanangu. Ndege wako amekufa? Amekufa usiku, bila shaka. Alikuwa mdogo sana.”

Akasema, “Ndiyo. Alikuwa mdogo.”

Sikumwambia kwamba amekosea, na hakuna aliyenitaka nimwambie. Alikuja na msiba, nami nilimpokea kwa msiba. Sarufi ilipita humohumo katika pole. Wataalamu wa ufundishaji wa lugha huiita mbinu hii kurudia kauli ya mwanafunzi katika umbo sahihi bila kuikatiza. Aliposema “alikuwa”, kiambishi kilikuwa kimeshaingia mahali pake. Tulimzika kinda chini ya mgomba. Nilipotaka kusema neno mzoga, ambalo kisarufi ndilo lingefaa na ambalo lingemhamisha kinda huyo hadi ngeli ya U-I, ulimi wangu ulikataa. Mvulana naye aliendelea kusema “yeye”. Wapo marehemu ambao ngeli ya A-WA huendelea kuwashikilia, na mwalimu mwenye busara huwaacha humo.

Nilieleza kisa hiki darasani, na mwanachuo mmoja akatueleza cha kwao. Alisema kwamba bibi yake, kila aliposikia Kiswahili nje ya nyumba, alifunga mlango na kuzima taa. Si jambo la ajabu katika nchi hii. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya jeshi na polisi, na katika miaka ya 1970 aliyegonga usiku akitoa amri kwa lugha hiyo hakuwa mgeni wa heri. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini katiba haiwezi kuondoa hofu iliyo kifuani mwa bibi, wala ile aliyomrithisha mjukuu. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Hapa ndipo kitenzi fuga kinapotufaa. Kati ya fuga na funga kuna konsonanti moja tu, na wanunuzi wengi wa ndege hawaioni. Hununua tundu, hufunga mlango, kisha husema wanafuga. Baji mgeni, ukimshika kwa nguvu siku ya kwanza, atakuuma na atakuogopa kwa miezi. Katika maumbile yake, kinachomshukia kutoka juu ni mwewe. Mkono wako nao hutoka juu. Kwa hiyo mfugaji huanza kwa kukaa tu karibu na tundu, akizungumza kwa sauti ya chini, asiguse kitu. Baada ya siku kadhaa huweka mkono karibu na mlango na kuutuliza. Kisha huingiza suke la ulezi, akilishika mbali, halafu karibu, hadi ndege apande kidoleni ili kulifikia. Zumaridi alihitaji wiki tano. Samawati alihitaji karibu miezi mitatu, na hakuna siku niliyomlazimisha.

Kitenzi funga kina kauli ya kutendua: aliyefunga anaweza kufungua. Kitenzi fuga hakina kauli hiyo. Ndege aliyefugika, hata ukimwachia mlango wazi chumbani, hurudi begani kwako mwenyewe. Mwanafunzi naye anaweza kufungwa ndani ya Kiswahili kwa ratiba, kwa mtihani na kwa kiboko, na siku mlango utakapofunguliwa ataruka asirudi.

Neno la mwisho ni kuhusu kuiga. Walimu tumezoea kumlaumu mwanafunzi kwamba “anakariri kama kasuku”. Zumaridi hutamka “hodi”, na kwa kuwa majirani wangu husema “koodi” kwa Kiganda, huyachanganya yote mawili na kujiitikia “karibu”. Wapo waliomzidi mno: baji mmoja wa California aliyeitwa Puck, aliyekufa mwaka 1994, aliingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kujua maneno 1,728. Lakini uchunguzi wa wataalamu umeonyesha jambo lenye uzito zaidi kuliko idadi hiyo. Dume la baji linapoanza kuishi na jike, huiga mlio wa jike huyo wa kuitana, hadi milio yao ikafanana. Baji haigi kwa kukosa akili. Huiga anayetaka kuwa naye.

Tukilichukua hilo hadi darasani, swali la mwalimu hubadilika. Badala ya kuuliza, “Kwa nini wanafunzi wangu hawaigi upatanisho sahihi?” atauliza, “Je, mimi ni mtu ambaye wangependa kufanana naye?” Kanuni ya ngeli ya A-WA utaifundisha, na utaisahihisha daftarini kwa kalamu nyekundu pale inapostahili. Lakini mtoto anapokuletea kitu kilichokufa kiganjani, mpe kwanza pole. Iseme pole hiyo kwa Kiswahili sanifu, polepole, naye ataichukua.

Zoezi

1. Tenga nomino zifuatazo kwa umbo, kisha kwa upatanisho: kinda, yai, kifaru, mzoga, tundu, kipofu. Ni zipi ambazo umbo na upatanisho wake havikubaliani?
2. Tafsiri sentensi “Ndege wangu wawili wamekufa” katika lugha yako ya kwanza. Linganisha viambishi vya kimilikishi na vya kitenzi katika lugha hizo mbili.
3. Nyambua vitenzi fuga, zoea na angua katika kauli nne kila kimoja, na utunge sentensi.
4. Mwanafunzi amekuambia, “Mwalimu, mbuzi yetu imepotea.” Andika jibu la sentensi mbili litakalomfariji na kumwonyesha umbo sahihi bila kumwambia kwamba amekosea.